Nywele za Mpagazi wa Pili

Ninyi mnaokuja ukumbini Jumamosi, mkiniita Buda, yaani mzee, na kutaka niwafundishe kulia bila kitunguu, kuna swali mnaniuliza kila mara nami hulikwepa. "Buda, ni wapi uliigiza vizuri kuliko kote?" Huwa nasema sikumbuki, kisha nawaamuru mwanguke tena. Ninakumbuka sana. Wala haikuwa mbele ya kamera. Nimeona niliandike hili suala, kwa sababu kila nikijaribu kulisema kwa mdomo, nageuka kuwa mchekeshaji.

Mimi ni mtoto wa nyumba za reli. Baba yangu alikuwa mkagua tiketi kwenye gari la moshi, mtu wa vifungo vinavyong'aa, ambaye hata siku ya mapumziko hakutoka nje bila kunyoa ndevu. Shule niliiacha darasa la saba. Hakuna aliyenifukuza. Tatizo ni kwamba njiani nilipita kwa mafundi wa bati wa Gikomba, nikasimama kuona jinsi karai linavyozaliwa kwa nyundo, na nilipofika darasani jua lilikuwa utosini. Baada ya hapo nilikuwa utingo wa lori, nikashona viatu, nikauza magazeti, na kwa siku mbili nikachunga mbuzi wa mfanyabiashara mmoja wa Kiamaiko, mpaka mbuzi wawili walipoamua kwenda kuishi kwingine. Baba alinipa jina.

"Mwanzilishi amerudi?" alikuwa akimwuliza Mama akivua kofia yake. "Leo ameanzisha nini?"

"Mwache," Mama alikuwa akijibu. "Anatafuta."

"Anatafuta nini?"

"Akikipata atakwambia, Baba Wafula."

Wafula ni kaka yangu mkubwa. Kati yetu yuko dada yetu, Nekesa. Mimi, Simiyu, ndimi kitindamimba. Tulikuwa watatu. Shikeni hiyo hesabu, ndiyo kiini cha habari hii.

Sasa, kuanguka. Kuanguka nilifundishwa na Mwalimu Salim, mzee wa Majengo, Pumwani, aliyefunza ndondi vijana wote waliokuwa tayari kuvumilia matusi yake. Mimi kama bondia sikufaa. Nadhani nilishinda pambano moja, na yule mwenzangu alikuwa na homa. Lakini nilikuwa na kipaji cha kwenda chini. "Wallahi huyu," Mwalimu Salim aliwaambia wengine, "hajui kupiga, ila akipigwa utataka kumlipia jeneza." Alinifundisha kwamba magoti ya mtu aliyepigwa hujua habari kabla ya kichwa. Alinifundisha pia jambo la pili, ambalo ninyi bado linawashinda. Mwili husema uongo kwa mabega na macho. "Ukitaka kwenda kushoto, mwanangu, peleka bega na jicho kulia, tena ulipeleke kwa moyo mmoja, kama mtu aliyeona mchumba wake huko. Mwenzio atalifuata jicho. Miguu yako ikifanya mengine, hataiona."

Kusubiri nilifundishwa na muziki. Kulikuwa na bendi iliyopiga Jumapili alasiri katika baa moja ya Kariobangi, na mpiga ngoma wao alipohamia Kisumu nilijitolea, kwa kuwa niliwahi kumwangalia kwa karibu. Mpiga gitaa alinivumilia wiki tatu. Siku moja akasimamisha wimbo katikati. "Maze, kwani unalipwa kwa kila pigo? Acha moja lipite. Watu walisikie likipita." Tangu hapo, nikiambiwa neno na mwigizaji mwenzangu, huwa naacha pigo moja lipite kabla sijajibu. Mtazamaji hudhani unafikiri. Vijana wangu, mkijua kuanguka, kudanganya kwa bega, na kuacha pigo moja lipite, mengine yote ni nguo tu.

Kwa ujuzi huo nilianza kufa. Wageni walikuwa wakija miaka ile na makamera yao kupiga filamu za pori na za vita vya zamani, na walihitaji watu weusi wa kufa nyuma ya mzungu. Nimekufa kwa mkuki, kwa risasi, kwa kiu. Niliwahi kuuawa na simba ambaye sikumwona hata kwa macho, kwa sababu yeye aliletwa Alhamisi nami nilikufa Jumanne. Mtaani walinipenda kwa hilo. Nikipita, watoto walininyooshea kidole kama bunduki wakipiga kelele "Tii!", nami nilianguka hapo hapo barabarani, na mara moja niliangukia ndoo ya mama muuza uji. Hilo ni kosa. Angalia unapoangukia kabla hujafa.

Halafu, mwaka mmoja mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipata jina. Labda jina ni neno kubwa. Kwenye karatasi niliandikwa Mpagazi wa Pili, katika filamu ya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vya wazungu. Mpagazi wa Pili hakufa! Alikuwa na maneno mawili ya kusema: "Bwana, mto umejaa," na baadaye, "Hatuwezi kuvuka." Niliyasema nyumbani mpaka Nekesa akanitishia mwiko. Waliniambia nifuge nywele, nisizichane, maana mpagazi huyo amekaa porini miezi. Kila jioni ya kazi dada mmoja, Mkenya mwenzetu, alinipiga picha kwa kamera ya kutoa picha papo hapo, akaibandika katika daftari lake: nywele zilivyokaa, kifungo kilichokatika, tope lilipofika. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu aliyeanza kuvuka mto Jumatatu ni yule yule atakayefika ng'ambo Ijumaa wiki nyingine. Tulimwita dada wa daftari.

Mama alizicheka nywele zile. "Simiyu, ukilala nje usiku mmoja ndege watataga humo." Lakini aliwaambia wenzake wa kwaya kanisani kwamba mwanawe sasa anasema kwenye filamu, na anasema mara mbili.

Tulikuwa tumepiga nusu ya kazi Mama alipoanguka jikoni. Presha. Hakufika jioni.

Niliomba ruhusa. Dada wa daftari alinishika mkono, akanipa pole kwa lugha ya kwao na ya kwetu, akasema nichukue siku zote za mazishi. Kisha, kwa sababu ilikuwa kazi yake, akasema, "Nywele tu, Simiyu. Usiziguse. Rudi ulivyo."

Nikasema sawa.

Hapo ndipo kosa liliposimama, kabla sijapanda basi. Huenda wengine wenu hamjui desturi zetu sisi watu wa upande wa Webuye, basi nieleze. Siku ya tatu baada ya mazishi, familia hunyolewa. Kwetu hunyoa shangazi, dada ya baba, kwa wembe mpya na maji ya moto, nyuma ya jikoni. Watoto wa marehemu huanza, mkubwa mpaka mdogo. Wakiisha, hunyolewa mume. Nywele zote huchanganywa pamoja na kufukiwa kwenye shina la mgomba. Hapo msiba umefungwa, watu warudi makazini. Mimi niliyajua hayo tangu utotoni. Ningemwambia dada wa daftari sentensi moja tu: kwetu lazima ninyolewe. Sikumwambia. Niliona aibu. Nilikuwa kijana wa Nairobi, nazungumza na watu wa kamera, nikaona nitaonekana mshamba. Tena nilikuwa na sababu nyingine ambayo naiona ni ya haki hata leo, ingawa hainisaidii: nilitaka, mara moja maishani, nimalize kitu nilichokianza.

Tulimzika Mama. Nililia, na kilio kile kilikuwa changu.

Siku ya tatu asubuhi tulisimama nyuma ya jikoni. Shangazi alikuwa na karai kati ya miguu. Wafula alikaa kwanza, akatoka kichwa kinang'aa, akafuata Nekesa. Shangazi akanitazama juu ya kichwa cha Nekesa.

"Na wewe Simiyu, hizo zako zitanimalizia nyembe mbili. Usiende mbali."

Watu walicheka, kicheko kile cha msibani kinachotafuta pa kukaa. Mimi niliangalia karai. Nikaacha pigo moja lipite.

"Maji yamepoa, Shangazi. Wacha nikuletee mengine."

Bega langu likaenda jikoni, jicho langu likaenda jikoni, tena kwa moyo mmoja. Shangazi akasema, "Nenda, mwanangu. Una roho ya mama yako."

Niliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, nikatoka kwa wa mbele, nikapita katikati ya mahindi mpaka barabarani. Sikukimbia, kwa maana anayekimbia huonekana. Nilisimamisha basi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nilikuwa bado nimeshika birika tupu. Nililiacha kando ya barabara.

Huo ndio uigizaji wangu bora. Nimejibu swali lenu. Hakuna aliyenifundisha chochote, Mwalimu Salim au mpiga gitaa, ambacho sikukitumia asubuhi ile juu ya mwanamke mzee aliyenipenda.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Nekesa. Walingoja. Shangazi aliendelea kusema kuni ni mbichi, maji yanachelewa. Adhuhuri mtoto wa jirani aliyeniona barabarani akaja kusema. Shangazi akamwita Baba: "Njoo ukae, ndugu yangu. Huyo tutamfuata siku nyingine."

Baba hakusogea. "Watoto bado hawajaisha," akasema.

Aliporudi Nairobi alinikuta nyumbani. Alitundika kofia yake, akaniangalia usoni, akaangalia kichwa. "Ulifika salama?"

"Nilifika, Baba."

"Vyema." Na hakusema neno jingine juu ya jambo hilo, siku hiyo wala zilizofuata.

Ndevu zake zikaanza kuota. Mwanzoni nilidhani ni huzuni. Baadaye mashavu yote yakajaa, nywele zikasimama chini ya kofia ya reli, na zilitoka nyeupe, jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua kwa kuwa hakuwahi kuziacha zifike hapo. Tulikula meza moja, wanaume wawili wenye vichwa vya msituni, tukipitishiana chumvi. Nje waliona ni kichekesho. "Aisee, mbuyu wako, mzee wa reli, naye amepata filamu? Wamempa sehemu gani, Nabii?" Nikacheka nao. Nilicheka vizuri sana.

Ilitakiwa ziwe siku chache tu nimalizie kazi. Lakini mvua ndefu ikaja, mto wa kuigiza ukawa mto wa kweli, wakasimamisha. Kisha mwigizaji mkuu, yule mzungu, akateguka mguu. Kila wiki tuliambiwa wiki ijayo. Wafula, aliyekuwa akifanya kazi ofisi za baraza la jiji, alikuja akaniita tukanywe chai kibandani.

"Nyoa, bro."

"Nikinyoa wananitoa. Picha zote walizopiga zitatupwa."

"Mzee ameitwa ofisini mara mbili. Mkubwa wake ni mtu mwema, amempa muda, akampa tena. Lakini abiria wanalalamika. Mkagua tiketi anafanana na mtu aliyetoroka mahali."

"Si anyoe basi. Nani amemkataza? Amenikasirikia, ndiyo maana."

Wafula aliweka kikombe chini. "Unadhani amekasirika? Wewe kweli uliacha shule mapema. Mume hunyolewa watoto wakiisha. Akinyoa kabla yako, amesema Mama alikuwa na watoto wawili. Hawezi kusema hivyo. Anakushikilia nafasi, mjinga wewe, kwa ndevu zake."

Kesho yake nilinunua wembe. Niliuweka mfukoni nikaenda nao kazini kwa fundi viatu niliyekuwa nikimsaidia, nikarudi nao, nikaufungua karatasi yake, nikaukunja tena. Nilipanga twende Webuye mimi na Baba mwisho wa wiki hiyo. Alhamisi ikaja habari kwamba mto umeshuka na lori litatuchukua alfajiri. Nilijiambia ni siku chache sasa, kweli siku chache. Nilimwambia Baba, "Nikirudi tutaenda kwa Shangazi pamoja." Alikuwa akisugua vifungo vyake ving'ae. Akaitikia kwa kichwa. "Nitakungoja," akasema.

Wiki mbili tulikaa kwenye mahema bondeni. Nilisema "Bwana, mto umejaa" mara saba, na ya saba mwongozaji mwenyewe aliniinulia kidole gumba. Filamu hiyo ilifika mjini baadaye, niliiona peke yangu. Niko pale, mnaweza kuniona kama hampepesi. Nywele ziko sawa kabisa toka ukingo mmoja hadi mwingine. Dada wa daftari alijua kazi yake, nami sitasema vinginevyo juu yake.

Siku ya mwisho alinipiga picha ya mwisho, akaipepea ikauke. "Haya Mpagazi, uko huru. Nenda ukanyoe hicho kichaka." Na mimi, kwa sababu kazi imekwisha na aibu haina kazi tena, nikamweleza. Nilimweleza yote, karai, shangazi, Baba. Penseli ilimponyoka.

"Kwa nini hukusema?"

"Picha zilikuwa zimeshapigwa."

"Kofia, Simiyu." Alishika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili. "Tungekuvika kofia. Wapagazi wengine wote wana kofia. Tungesema ameiokota njiani. Ningekuandikia kofia kwa dakika moja."

Kwa hiyo, ninyi mnaotaka ushauri wa kazi, ushauri ni huo. Mkipewa sehemu, kabla hamjauliza maneno ni mangapi, waambieni watu wa daftari kwenu mnafanya nini mtu akifa. Wao wana kofia. Hawawezi kuitoa kama hamkuomba.

Nilifika nyumbani Jumapili mchana. Baba alikuwa amekaa mlangoni akisoma gazeti. Sikumtambua mara moja. Kidevu kilikuwa kitupu, kichwa kitupu, na masikio yalionekana makubwa, kama ya mtu mwingine.

"Baba."

"Umerudi."

"Umenyoa."

"Nimenyoa." Alilikunja gazeti vizuri, ukingo kwa ukingo. "Walinipa mpaka Ijumaa. Nyumba hii ni ya kazi, unajua. Nekesa angelala wapi? Nilidhani ungefika Ijumaa."

"Nani alikunyoa?"

"Kinyozi wa pale sokoni. Simjui jina."

Nilimwambia bado tunaweza kwenda kwa Shangazi, nikae mimi kwenye karai. Alitafakari hilo kwa haki, kama alivyotafakari kila tiketi aliyopewa. Kisha akasema hapana, jambo hilo huenda kwa mpango wake, naye ameshauvunja. Alisema *ameshauvunja*, yeye, si mimi. Akaniuliza kama nimekula. Aliishi miaka mingine mingi baada ya hapo, tukapatana vizuri, akanizoea na kazi yangu, ila hakuniita tena Mwanzilishi. Ningelipa pesa kulisikia tena.

Kesho yake nilimtafuta yule kinyozi. Alikuwa na kioo kimetundikwa kwenye ukuta wa soko na kiti cha mbao chenye miguu mitatu na tofali. Alizunguka kichwa changu akiguna.

"Mtindo gani, kijana?"

"Zote."

Alianza na mkasi, akaja na wembe. Nywele ziliangukia chini, juu ya nywele za watu waliotangulia asubuhi hiyo, na kila baada ya muda alizisukuma pembeni kwa kiatu. Alikuwa mtu wa maneno. Alisema hii ni wiki ya ajabu.

"Ijumaa alikuja mzee wa reli, ndevu mpaka hapa. Nikamwuliza, mzee, kwani umefiwa? Akasema hapana, ni joto tu. Joto! Mwezi wa saba, Nairobi yote iko ndani ya sweta, nami hapa nimevaa mbili. Nikamnyoa huku machozi yanamtoka. Joto." Alipangusa wembe kwenye kitambaa, akaniinamisha shingo. "Na wewe je? Umefiwa?"

Nikajiangalia kwenye kioo.

"Hapana," nikasema. "Ni joto tu."